Noah Iliyokuja na Matairi ya Theluji: Ninunue Yapi kwa Mvua na Kiangazi?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Nakusalimu kutoka Arua. Mimi ni mama mfanyabiashara wa nguo za mtumba. Kila baada ya majuma machache huenda Kampala kuchukua marobota, na siku zilizobaki huzunguka magulio ya upande wa Koboko, Maracha na Yumbe, ambako nikitoka tu kwenye lami huingia njia za murramu. Mwaka jana nilinunua gari aina ya Toyota Noah lililoletwa kutoka Japani. Matairi yake yalikuwa na kashata nene na mpira laini, nami nikafurahi nikidhani nimepata matairi karibu mapya bila kuyalipia.

Kiangazi kilipoingia yakaanza kulika upesi mno, hasa yale ya mbele. Mvua ziliporudi, gari likawa linayumba kila ninapokata kona au kukanyaga breki kwa ghafula. Siku moja, tukishuka kutoka Nebbi kuelekea Pakwach huku mvua inanyesha, nilikanyaga breki kwenye kona na sehemu ya nyuma ya gari ikahama upande. Hatukugonga kitu, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo naendesha kwa hofu.

Fundi mmoja alinionyesha ubavuni mwa tairi neno STUDLESS, akaniambia kwamba hayo ni matairi ya theluji. Ananishauri ninunue matairi ya misimu yote, ya mtumba kutoka Ulaya, kwa kuwa yanafaa mvua na jua. Kaka yangu anasema nitafute yale yenye meno makubwa kwa sababu ya murramu. Muuzaji mmoja ana matairi mapya kutoka China ambayo bei yake inazidi kidogo tu ile ya mtumba, ila wenzangu wananitisha kwamba yatapasuka njiani. Binamu yangu aliyeko Ujerumani naye ananiambia kwamba huko hubadilisha matairi mara mbili kwa mwaka. Je, na sisi tunapaswa kuwa na seti ya mvua na seti ya kiangazi? Na kwa kuwa yaliyokwisha ni ya mbele tu, naweza kununua mawili na kuyaacha yale ya nyuma?

Mwenye Noah, Arua

JIBU

Dada yangu wa Arua,

Pole kwa mshtuko huo. Huhitaji seti mbili. Unahitaji seti moja ya matairi manne mapya ya kawaida ya barabarani, yanayoshika vizuri lami yenye maji, yenye uwezo wa kubeba mzigo wako, na yaliyotengenezwa miaka ya karibuni. Kama ubavuni yameandikwa kwamba ni ya misimu yote au hayakuandikwa, hilo kwako ni jambo la mwisho kabisa kulitazama. Na hadi utakapoyapata, tafadhali usiende Kampala na hayo uliyo nayo.

Fundi wako amekuambia kweli kuhusu neno hilo. Mpira wa tairi hubadilika tabia kulingana na joto. Tairi la kawaida, lile ambalo Wazungu huliita la kiangazi, huanza kuwa gumu na kupoteza ushikaji joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Kwa ajili hiyo, nchi zenye majira ya baridi kali hutengeneza matairi ya mpira laini zaidi, ambao hubaki mnyumbufu hata kwenye barafu, na juu ya kila kipande cha kashata huchanja michirizo mingi myembamba ya kung'ata theluji. Kaskazini mwa Japani, kuanzia Tohoku hadi kisiwa cha Hokkaido, dereva hawezi kupita miezi ya baridi bila matairi ya namna hiyo, na gari linapouzwa nje mara nyingi huondoka na matairi yaliyokuwa mguuni siku hiyo. Utayatambua kwa neno uliloonyeshwa, kwa michirizo hiyo, na mara nyingi kwa herufi Q mwishoni mwa namba za ukubwa, yaani mwendo wake wa juu kabisa ni kilomita 160 kwa saa, ilhali tairi la kawaida la gari kama lako huwa na T, H au V. Ndani ya mifereji ya matairi hayo ya Kijapani kuna pia vinundu vinavyoanza kuwa usawa mmoja na kashata tairi likiisha nusu. Hapo Mjapani huacha kulitumia kwenye theluji. Inawezekana kwamba gari lako lilipotua bandarini matairi yake yalikuwa yamekwisha kustaafu huko yalikotoka.

(Kwa kuwa gari huenda limetoka kwenye theluji, mwambie fundi alale chini ya gari atazame kutu pia. Chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu hula vyuma vya chini pole pole, na rangi ya juu inaweza kung'aa huku vya chini vikiwa vimechakaa.)

Mpira huo ukiuleta kwenye lami ya Pakwach saa nane mchana, mwezi wa Februari, unaisha kama kifutio cha mwanafunzi. Hilo unalijua, limekugharimu. Kisichojulikana na wengi ni kwamba hata kwenye mvua tairi hilo halifai hapa kwetu. Mvua yetu ni ya vuguvugu na lami chini yake ina joto, hivyo vile vipande laini vya kashata hupinda na kunepa gari linapofunga breki, na umbali wa kusimama huongezeka. Kule kuyumba ulikokuhisi kwenye kona ni kashata zenyewe zilizokuwa zikienda upande huu na rimu ikienda upande ule. Siku ile ya mteremko, uzito wa gari uliegemea mbele ulipokanyaga breki, magurudumu ya nyuma yakawa mepesi, na mpira wake haukuwa na nguvu ya kuyazuia yasihame, ingawa ndiyo yaliyokuwa na kashata nyingi zaidi. Kumbuka jambo hili, maana nitalirudia nikifika kwenye swali lako la matairi mawili.

Sasa hayo ya misimu yote. Yako ya aina mbili, na wauzaji wetu huyachanganya. Aina ya kwanza ni ile iliyozoeleka Marekani: tairi la safari za kawaida, gumu kiasi, la kudumu, ambalo ubavuni lina herufi M+S, yaani matope na theluji. Herufi hizo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kuangalia umbo la kashata, bila kulazimika kulipima tairi kwenye theluji. Tairi la aina hii halina tatizo Uganda, na ukilipata jipya, kwa kipimo chako, lichukue bila wasiwasi. Aina ya pili ni ya Ulaya, na alama yake ni mlima wenye vilele vitatu na ndani yake ua la theluji. Alama hiyo hutolewa baada ya jaribio halisi kwenye theluji, na ndiyo sababu binamu yako aliyeko Ujerumani anaizingatia: tangu Oktoba 2024, tairi lisilokuwa na alama hiyo halikubaliki tena huko barabara zikiwa na theluji au barafu. Ili kufaulu jaribio hilo mpira wake hulainishwa, si kwa kiwango cha hilo lako la Kijapani, lakini kwa kiwango cha kutosha kwamba kwenye joto la kwenu West Nile utakuwa umelipia sifa usiyoihitaji kwa kutoa muda wa tairi lako kuishi.

Theluji ya Uganda iko Rwenzori, kuelekea kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na Noah haifiki huko. Hata Kabale, ambako watu hulala na mablanketi mawili, usiku wa kawaida haushuki hadi zile nyuzi 7. Kwa hiyo tairi ambalo kwa Mjerumani ni la miezi sita, kwetu ni la mwaka mzima.

Majira yetu ni ya maji na vumbi, na kwa safari zako hata hayo hayana mpaka ulio wazi. Kwenu mvua huanza karibu mwezi wa nne na kuendelea hadi wa kumi na moja, zikishika kasi kuanzia wa nane. Kampala ina misimu miwili, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi karibu Desemba. Mtu anayesafiri kati ya miji hiyo miwili anaweza kuondoka Arua kwenye vumbi na kukuta Luwero maji yamefunika lami. Ungebadilisha matairi wapi, Karuma? Ndiyo maana nasema seti moja, lakini iwe iliyochaguliwa kwa kufikiria ile hali mbaya zaidi, nayo ni lami yenye maji.

Hapo ndipo pesa yako inapopaswa kwenda. Tairi huishika lami yenye maji kwa kuyatoa maji kupitia mifereji yake. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 8 hivi. Nchi nyingi huharamisha tairi likifika milimita 1.6, na ndani ya mifereji mikubwa kuna vibonge vidogo vinavyoonyesha kiwango hicho, ambavyo utavipata ukifuata herufi TWI zilizo begani mwa tairi. Lakini usingoje kufika huko. Ushikaji kwenye maji hupungua sana kuanzia milimita 3, na mvua za kwetu hazishuki kwa rasharasha. Maji yakizidi uwezo wa mifereji, tairi hupanda juu ya maji na kuacha kuigusa lami, usukani unakuwa mwepesi ghafula, na breki hazina pa kushikia. Tairi lenye upepo wa kutosha na kashata nzuri linaweza kufika kilomita 90 hivi kwa saa kabla ya hali hiyo kutokea kwenye maji yaliyotuama. Tairi lililokwisha au lenye upepo pungufu hufika huko mapema zaidi. Ukiona maji yametuama kwenye mikondo ya magurudumu ya malori kule Nakasongola, hata na matairi mapya shuka hadi 70 au chini zaidi. Na zile dakika za kwanza za mvua baada ya kiangazi kirefu, ambapo vumbi na mafuta yaliyodondoka huchanganyika kuwa tope jembamba juu ya lami, ziogope kuliko mvua yenyewe.

Utajuaje dukani tairi lipi linashika maji? Matairi mengi yanayouzwa pia Marekani huandikwa ubavuni maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. La pili hutokana na jaribio la kufunga breki kwenye barabara iliyolowa, na madaraja yake ni AA, A, B na C. Chukua A au AA. La tatu ni uwezo wa kustahimili joto, nalo lina A, B na C. Kwa joto la kwenu na mzigo wako usikubali chini ya A. Namba ya TREADWEAR, kama 400 au 500, ni ya uimara, lakini kila kampuni hujipimia yenyewe, kwa hiyo inasaidia kulinganisha matairi ya kampuni moja kuliko ya kampuni mbili. Yale yaliyoidhinishwa kwa soko la Ulaya yana duara lenye herufi E na namba, na karibu yake tarakimu za idhini zinazomalizikia kwa herufi kama S2WR2. Hiyo W inathibitisha kwamba limepimwa ushikaji kwenye maji. Tairi lisilo na alama hata moja kati ya hizo, lirudishe rafuni, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Hapo pia ndipo jibu la matairi ya China lilipo. Tairi halipasuki kwa sababu ya nchi lilikotengenezwa. Viwanda vya China vinatengeneza matairi mazuri, pamoja na ya baadhi ya kampuni kubwa za dunia, na vinatengeneza pia takataka, na kinachoyatofautisha ni hizo alama nilizokueleza. Matairi mengi ninayosikia kwamba yalipasuka yalikuwa na upepo pungufu na mzigo uliozidi. Kati ya tairi jipya la bei nafuu lenye TRACTION A, TEMPERATURE A na tarehe ya karibuni, na tairi la mtumba lenye jina kubwa la Ulaya, mimi ningechukua jipya bila kusita.

Nakuomba unielewe kuhusu mtumba, kwa sababu wewe mwenyewe unauza nguo za mtumba na unajua kwamba nyingine ni bora kuliko mpya. Nguo ukiigeuza ndani nje unaiona yote. Tairi lina waya na nyuzi zilizofichwa ndani ya mpira, na hujui kama liliwahi kuendeshwa bila upepo, kama ukingo wa barabara uliwahi kuukata ubavu wake, au lilikaa juani miaka mingapi. Mzungu aliyelitoa mara nyingi alilitoa likiwa na milimita 3 au 4, yaani sehemu iliyobaki ndiyo ile inayoanza kukushinda kwenye mvua, na sehemu kubwa ya yanayotupwa huko ni ya majira ya baridi, hivyo utakuwa umerudi ulikotoka. Dawa nyeusi inayong'arisha haifichi umri, lakini wako wanaochanja mifereji upya kwa kisu cha moto ili tairi lionekane na kina. Tairi la gari dogo likichanjwa hivyo mpira unaobaki juu ya waya huwa mwembamba mno, na hapo ndipo unaposikia mlipuko. Ukienda Kisekka, soko la vipuri vya magari la Kampala, ukakuta kashata zenye kina kikubwa lakini vibonge vya TWI havionekani popote, ondoka.

Umri husomwa kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka: 3524 ni juma la 35 la mwaka 2024. Wakati mwingine tarakimu hizo huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo waambie walizungushe. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Kwa kununua, usikubali lililopita miaka miwili. Kwa kutumia, tairi likifika miaka sita lipimwe kila mwaka, na watengenezaji wengi husema lisivuke miaka kumi hata kama kashata bado zinang'aa. Hii inalihusu tairi lako la spea pia, ambalo huenda lina umri sawa na gari.

Kuhusu mzigo nitakuwa mkali kidogo. Noah nyingi za mtumba hutumia 195/65R15 91, pamoja na herufi ya mwendo. Hakikisha kwenye kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Hiyo 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana, 15 ni rimu kwa inchi, na 91 ni msimbo wa uzito: kilo 615 kwa tairi moja. Gari lenyewe likiwa tupu lina zaidi ya tani moja na nusu. Wajapani huhesabu abiria mmoja kuwa kilo 55, kwa hiyo gari la watu wanane limeruhusiwa kubeba kilo 440, dereva akiwamo. Marobota kumi ya kilo 45 ni kilo 450 kabla hujaketi wewe, na yote yako nyuma. Unaweza kuomba tairi la kipimo hichohicho lenye msimbo 95 na herufi XL, ambalo hubeba kilo 690 likijazwa upepo zaidi. Ubavu wake ni imara na litavumilia mashimo vizuri zaidi. Mimi ningekushauri uchukue hilo. Lakini tairi haliongezi uwezo wa springi wala wa breki. Marobota yakizidi manane, mengine yapande basi.

Kaka yako anafikiria Land Cruiser. Matairi ya meno makubwa yametengenezwa kwa magari marefu ya kuvuka matope, ni nadra kuyapata kwa kipimo cha Noah, na ukiweka makubwa kuliko kipimo yatagusa fenda ukikata kona. Zaidi ya hayo, vile vitalu vikubwa vya mpira huigusa lami kwa eneo dogo, havina michirizo ya kutosha, na kwenye lami iliyolowa umbali wa kufunga breki huwa mrefu. Wewe kilomita karibu 480 za kwenda Kampala ni lami. Murramu mkavu unahitaji ubavu imara na mwendo wa taratibu kwenye mawimbi ya barabara. Murramu uliolowa unahitaji kusubiri saa moja mvua ikatike, jambo ambalo hakuna tairi linaloweza kulifanya kwa niaba yako.

Matairi mawili au manne? Ungekuwa na matairi mazuri ya kawaida nyuma, ningekubali ununue mawili, na ningekwambia mapya yafungwe nyuma na yale ya zamani yahamishiwe mbele. Najua mafundi wetu hufanya kinyume, wakisema gari huvutwa na magurudumu ya mbele. Magurudumu ya mbele yakiteleza, gari huendelea moja kwa moja na dereva akiachia mafuta hulirudisha; ya nyuma yakiteleza, gari hugeuka kama ulivyoona, na si madereva wengi wanaoweza kulituliza. Lakini kwako nyuma kuna matairi ya theluji. Ukiweka mapya mbele na kuyaacha hayo nyuma, utaongeza nguvu ya breki mbele huku nyuma kukiwa vilevile, na kona ile ya Pakwach itakuwa mbaya kuliko ilivyokuwa. Nunua manne. Kama Noah yako inavutwa na magurudumu yote manne, hilo halina hata mjadala, kwa kuwa matairi ya mzingo tofauti huchosha mashine za kugawa nguvu. Pesa zisipotosha sasa, afadhali ungoje na upande basi mwezi mmoja.

Yakishafungwa, fanya alaimenti siku hiyohiyo, la sivyo ya mbele yatalika upande mmoja kabla ya Krismasi, na yazungushe mbele kwa nyuma kila baada ya kilomita 10,000 hivi. Upepo uupime kila baada ya wiki mbili na asubuhi ya kila safari, kabla gari halijatembea. Kibandiko chako huenda kimeandikwa kwa kPa na kwa Kijapani, ilhali vipimo vya mafundi wetu ni vya PSI: 230 ni karibu 33, 250 ni karibu 36. Ukifika Pakwach na matairi yenye joto, kipimo kitasoma juu kwa PSI nne au zaidi, na kijana wa pampu atataka kupunguza. Mkatalie. Upepo ule umepanda kwa sababu ya joto la mwendo, na akiutoa, kesho asubuhi utaendesha na upepo pungufu, ambao ndio unaopasua matairi.

Hayo manne ya zamani yatapata mteja kabla hujamaliza kulipa, kwa kuwa yale ya nyuma bado yana kashata na kila kituo kina dereva anayetafuta ya bei rahisi. Usiyauze. Mwambie fundi ayatoboe ubavuni kwa kisu mbele ya macho yako, ndipo umpe anayetengeneza lugabire, viatu vya mpira wa tairi, au anayetaka kupandia maua.